Kanban kwa Biashara Ndogo: Panga Kazi ya Timu Yako, Oda Zitoke kwa Wakati

Mteja amelipa nusu ya pesa kwa simu. Ujumbe wa malipo umeingia, umemwambia, "Asante mama, kuja Ijumaa." Ijumaa anafika na oda yake haiko tayari. Si kwamba watu walilala. Kitambaa kilikatwa tangu Jumatatu, halafu kikawekwa chini ya oda zingine, na kila mtu kwenye duka alidhani mwenzake anashughulika nacho. Sasa mama amesimama mlangoni, ana haki ya kukasirika, na wewe una pesa yake kwenye akaunti lakini huna cha kumpa.

Katika masomo yetu mengi tumezungumza kuhusu kupokea malipo, kulinda akaunti yako na kuweka rekodi. Leo tunageukia kile kinachotokea kati ya malipo ya kwanza na salio, yaani kazi yenyewe. Malipo ya simu yamerahisisha sana kupokea kianzio. Mtu anaweza kukulipa akiwa kwenye matatu kabla hujamaliza hata kumwandikia bei. Uzuri wake huo ndio hatari yake pia, kwa sababu ni rahisi kupokea oda nyingi kuliko mikono uliyo nayo. Ukishapokea pesa ya mtu, umeweka ahadi.

Njia tutakayofundisha inaitwa Kanban. Haihitaji kompyuta wala mshauri. Inahitaji ukuta, karatasi ya manila, kalamu, na timu iliyo tayari kusema ukweli kuhusu kazi iliyo mkononi.

## Kanban ilitoka wapi?

Kanban ni neno la Kijapani. Maana yake ni ubao wa tangazo, kama ule unaoning'inia juu ya mlango wa duka. Lilipata maana yake ya kikazi katika viwanda vya magari vya Toyota, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mhandisi aliyeongoza kazi hiyo aliitwa Taiichi Ohno.

Wakati huo Toyota haikuwa na pesa nyingi. Haingeweza kutengeneza vipuri kwa wingi na kuvirundika kwenye ghala vikingoja siku ya kutumika, maana kila kipuri kilichokaa ghalani kilikuwa pesa iliyolala. Ohno alivutiwa na jinsi supamaketi za Marekani zilivyofanya kazi: mteja anachukua anachohitaji kwenye rafu, na mwenye duka anajaza tu pale palipopungua. Mwaka 1953 walianza kutumia wazo hilo katika karakana ya mashine. Baadaye kadi ndiyo ikawa ishara. Kituo cha mbele kikitumia vipuri, kadi inarudi kituo cha nyuma kuagiza vingine. Bila kadi, hakuna kutengeneza.

Ukifikiria vizuri, mama mboga anaelewa jambo hili bila kusoma popote. Asubuhi akienda sokoni hanunui sukuma wiki kwa kuangalia ukubwa wa gunia. Ananunua kwa kuangalia jana aliuza mafungu mangapi. Akizidisha, mboga inanyauka na pesa inanyauka nayo.

Kwa miaka mingi Kanban ilibaki viwandani. Mwaka 2004 David J. Anderson alianza kuitumia na timu ya programu za kompyuta katika kampuni ya Microsoft, ambako "vipuri" havishikiki kwa mkono, na mwaka 2010 akachapisha kitabu kuhusu njia hiyo. Tangu hapo imeenea kwenye ofisi, magazeti, hospitali na biashara ndogo. Sababu ni rahisi: kazi yoyote inayopita mikono zaidi ya mmoja inaweza kukwama bila mtu kujua.

## Mambo matatu ya kushika

Kabla ya hatua, shika mambo haya matatu. Mengine yote yanatoka hapa.

1. Kazi yote ionekane. Isikae kichwani mwa mwenye duka, wala kwenye daftari ambalo mtu mmoja tu analisoma.
2. Kazi iliyoanzwa iwe na kikomo. Usianze kitu kipya mpaka kuwe na nafasi.
3. Angalia mwendo wa kazi. Swali si "nani yuko bize?" Swali ni "oda imekaa wapi, na kwa nini haisongi?"

La pili ndilo gumu, na ndilo watu wengi huliruka. Likirukwa, ubao unabaki kuwa pambo la ukutani.

Kukumbuka maana ya kikomo, fikiria matatu. Kabla ya Februari 2004, abiria walikuwa wakipangwa mpaka wengine wananing'inia mlangoni. Zilipoanza kutumika sheria zilizopewa jina la waziri John Michuki, matatu ndogo ikawa na abiria 14, kila mtu na kiti chake na mkanda wake. Viti vikijaa, gari linaondoka na wewe unangoja lingine. Kungoja hakufurahishi, lakini angalau unajua uko kwenye foleni na unajua kiti kinachokuja ni chako. Kikomo cha Kanban ni hivyo hivyo. Kadi isiyo na kiti haipandi.

## Tuchukue mfano: duka la kushona sare

Tuseme kuna duka la sare za shule lenye watu watano. Mwenye duka anapokea oda na kuchukua vipimo. Fundi mmoja anakata. Mafundi wawili wanashona. Mtu wa tano anamalizia: vitundu vya vifungo, vifungo, beji, pasi na kufunga. Desemba inaisha, shule zinakaribia kufunguliwa Januari, na simu hailali.

Tunatumia duka hili kwa sababu linaonyesha kila kitu waziwazi. Wewe ukiwa na duka la keki, karakana ya samani, au timu ya kuchapisha kadi za harusi, badilisha tu majina ya hatua.

### Hatua ya kwanza: Chora kazi inavyopita sasa

Usichore vile ungependa kazi iende. Chora inavyoenda leo. Kanban haikuagizi kubadilisha vyeo vya watu wala kuanza upya. Unaanza hapo ulipo.

Bandika karatasi ya manila ukutani, mahali ambapo timu yote inaiona ikifanya kazi. Ichore safu hizi, kutoka kushoto kwenda kulia:

Oda mpya → Kukata → Kushona → Kumalizia → Tayari → Imechukuliwa

Safu sita zinatosha. Ukijikuta una safu 12, huenda umeandika kila tendo dogo badala ya zile hatua ambapo kazi hutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

### Hatua ya pili: Kila oda iwe na kadi yake

Kata karatasi ngumu vipande vidogo au tumia vikaratasi vya kunata. Oda moja, kadi moja. Kwenye kadi andika:

- Jina la kwanza la mteja na tarakimu tatu za mwisho za simu yake
- Kinachotakiwa: "Shati 2, kaptula 2, sweta 1"
- Tarehe kianzio kilipolipwa
- Tarehe mliyomwahidi mteja
- Salio

Usiandike nambari nzima ya simu ya mteja ukutani, wala usibandike ujumbe wake wa malipo. Kila anayeingia dukani atausoma. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na habari za mteja wako ni mali yake. Nambari kamili na nambari ya muamala ziweke kwenye daftari lako au kwenye akaunti ya biashara. Kadi inatosha kuwa na alama ya kukuwezesha kumpata.

### Hatua ya tatu: Kubalianeni ni lini kadi inasonga

Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Fundi wa kushona anasema amemaliza. Anayemalizia anasema mshono wa pembeni umeachia. Kwa hivyo andikeni sharti moja au mawili chini ya kila safu, kwa maneno ya kawaida:

- Kuingia "Oda mpya": kianzio kimeonekana kwenye akaunti ya biashara, na vipimo vimeandikwa.
- Kutoka "Kukata": vipande vyote vya oda vimefungwa pamoja na kadi imo ndani ya furushi au imebandikwa ubaoni kwa alama ile ile.
- Kutoka "Kushona": mshono umevutwa na kupimwa tena kwa utepe.
- Kutoka "Kumalizia": vifungo vyote vipo, pasi imepigwa, oda imo kwenye mfuko.
- Kutoka "Tayari": salio limeonekana kwenye akaunti.

Tumesema "limeonekana kwenye akaunti" makusudi. Ujumbe ambao mteja anakuonyesha kwenye simu yake hautoshi, kwa sababu ujumbe unaweza kughushiwa au kuwa wa malipo ya wiki iliyopita. Angalia ujumbe uliokuja kwenye simu yako ya biashara, au fungua akaunti yenyewe uthibitishe. Na kama ni mfanyakazi anayepokea, hakikisha ana njia yake halali ya kuona malipo. Usimpe nambari yako ya siri.

### Hatua ya nne: Weka kikomo

Juu ya kila safu ya kazi andika nambari kubwa. Kwa kuanzia, hesabu kadi tatu kwa kila mtu: moja iko mkononi, moja inafuata, na moja huenda imekwama ikingoja kitu. Duka letu litakuwa hivi:

Kukata: 3. Kushona: 6. Kumalizia: 3.

Jumla ni oda 12 zilizoanzwa. "Oda mpya" haina kikomo hapa kwa sababu hazijaguswa, ni foleni tu. "Tayari" pia tunaiacha, ingawa ikijaa sana ni ishara kwamba wateja hawajapigiwa simu.

Sasa tuone kinachotokea. Fundi wa kukata ana mkono mwepesi. Anamaliza tatu kabla ya saa nne asubuhi. Anataka kuzisukuma kwenye "Kushona" lakini huko zimo sita tayari. Zamani angeendelea kukata, na jioni angejivunia rundo kubwa. Leo ubao unamwambia asimame.

Atauliza, na ana haki ya kuuliza: "Kwa hivyo nikae bure?"

Jibu ni hapana. Aangalie upande wa kulia wa ubao na kuuliza, "Ni kadi gani naweza kusaidia imalizike?" Anaweza kushona vifungo, kupiga pasi, kufunga mifuko au kuwapigia simu wateja ambao oda zao ziko tayari. Akirudi, nafasi itakuwa imepatikana. Kama hakuna cha kusaidia, basi ni afadhali anoe makasi kuliko kukata kitambaa kitakachokaa siku tano sakafuni. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na hapa tunazungumza juu ya mtu aliyeshika arobaini.

### Hatua ya tano: Dakika kumi kila asubuhi

Kabla ya mashine kuanza, timu isimame mbele ya ubao. Msianze kwa kuulizana "wewe jana ulifanya nini?" Someni kadi, mkianzia kulia kwenda kushoto, yaani zilizo karibu kumalizika kwanza. Kwa kila kadi jiulizeni: leo itasonga? Kama haitasonga, inangoja nini?

Tumia alama mbili tu:

- Nukta. Kila asubuhi kadi ikiwa bado iko kwenye safu ile ile, iweke nukta moja. Kadi yenye nukta nne inaongea yenyewe.
- Alama nyekundu. Kadi imekwama, na sababu inaandikwa hapo hapo: "Beji za shule hazijaletwa." "Mama hajathibitisha saizi ya sketi." Kila alama nyekundu iwe na jina la mtu atakayeishughulikia siku hiyo.

Kikao kikizidi dakika kumi, mnajadili mambo ambayo watu wawili wangeweza kuyamaliza wenyewe baadaye.

## Hesabu inayokwambia ukweli

Hii ndiyo sehemu tunayotaka usome mara mbili.

Mwaka 1961 mtaalamu wa Kimarekani John Little alithibitisha kanuni ya foleni inayojulikana kwa jina lake. Kwa lugha ya duka inasema hivi:

Siku ambazo oda hukaa mikononi mwenu = Idadi ya oda zilizoanzwa ÷ Idadi ya oda mnazomaliza kwa siku

Ni wastani, na inafaa pale ambapo kazi inaingia na kutoka kwa kasi isiyobadilika sana. Hata hivyo ni bora kuliko kukisia.

Tuseme duka letu linamaliza oda 4 kwa siku. Kama oda zote 40 zimeshakatwa na zimetapakaa dukani, kila moja itakaa mkononi wastani wa siku 10. Zikiwa 12 tu ndizo zimeanzwa, kila inayoanzwa inatoka baada ya siku 3.

Hapa tuwe wakweli: ubao hauongezi mikono. Zile oda 28 zilizobaki bado zinangoja kwenye "Oda mpya", na oda ya arobaini itatoka siku ya 10 vile vile. Sasa faida iko wapi?

Kwanza, ahadi zako zinakuwa za kweli. Mzazi akija leo na mbele yake kuna oda 40, unagawanya kwa 4 na kupata siku 10 za kazi. Mkifanya kazi siku sita kwa wiki, hiyo ni wiki moja na siku nne. Humwambii "Kuja Ijumaa" ili tu aondoke akiwa amefurahi. Unamwambia tarehe, na unaongeza siku moja au mbili za tahadhari. Kama shule inafunguliwa kabla ya hapo, anajua mapema na anaamua. Huenda ukampoteza. Lakini mtoto wake hatakaa nyumbani au kuingia darasani na nguo za nyumbani kwa sababu yako, na huyo mzazi atarudi muhula ujao.

Pili, pesa yako haijalala sakafuni. Tuseme kila oda inauzwa Sh1,800, kianzio ni Sh900 na kitambaa kinagharimu Sh700. Oda 40 zikikatwa zote, umetumia Sh28,000 ya kitambaa. Oda 12 ni Sh8,400. Tofauti ya Sh19,600 inabaki kwenye akaunti yako mpaka siku itakapohitajika. Hiyo inaweza kuwa kodi ya duka.

Tatu, salio linaingia kila siku. Ukimaliza oda 4 kwa siku, kuna Sh3,600 ya salio inayoweza kuingia. Ukianza zote kwa pamoja, unakaa siku nyingi bila kumaliza hata moja, kisha zote zinamalizika karibu wakati mmoja, wakati umeshakopa kulipa mafundi.

Nne, makosa yanapungua gharama. Ukigundua kwamba kipimo cha kola kilikosewa, ni afadhali ugundue ukiwa na oda 3 zilizokatwa kuliko 30. Na mzazi akibadilisha mawazo kwa sababu mtoto amehamishwa shule, kitambaa ambacho hakijakatwa bado ni kitambaa.

## Unganisha ubao na akaunti yako

Wahenga wa biashara husema mali bila daftari huisha bila habari. Ubao ni daftari la kazi, na taarifa ya akaunti ni daftari la pesa. Kila jioni yafananishe:

1. Hesabu kadi zilizoingia "Oda mpya" leo. Vianzio vilivyoingia kwenye akaunti viwe idadi hiyo hiyo.
2. Hesabu kadi zilizofika "Imechukuliwa" leo. Salio zilizoingia ziwe idadi hiyo hiyo.
3. Zisipolingana, tafuta sababu siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni mteja aliyelipa mara mbili, aliyelipa kwa simu ya mtu mwingine, au oda iliyotoka kwa "nitatuma baadaye".

Ni vizuri pia malipo yote ya biashara yapitie nambari ya tili au akaunti moja ya biashara. Kianzio kikiingia kwenye simu yako binafsi, salio kwenye tili na nyongeza kwenye simu ya fundi, hakuna ubao utakaokuokoa.

Jambo moja zaidi: kianzio cha oda ambayo haijaanzwa bado si faida yako. Ukilazimika kurudisha pesa, uwe nayo. Ukiangalia safu ya "Oda mpya" na kuzidisha idadi ya kadi kwa kianzio, unapata deni ulilonalo kwa wateja. Kwa duka letu, kadi 28 mara Sh900 ni Sh25,200. Nambari hiyo ikizidi kilicho kwenye akaunti yako pamoja na kitambaa ulicho nacho, umeanza kula pesa ya watu.

## Makosa tunayoyaona mara kwa mara

Kila oda kuwa ya haraka. Weka nafasi moja tu ya dharura juu ya ubao, yenye kadi moja. Ikitumika, nyingine ingoje. Unaweza kuitoza bei ya juu, lakini mwambie mteja mapema.

Mwenye duka kuvunja kikomo mwenyewe. Shemeji yako akija na oda, naye apate kadi na asimame kwenye foleni. Timu ikiona bosi anaingiza kazi kwa mlango wa nyuma, kesho kila mtu atafanya hivyo.

Kutumia ubao kuaibisha watu. Kadi zikirundika kwenye "Kumalizia" haimaanishi huyo mtu ni mvivu. Pengine ana mashine moja ya vitundu vya vifungo na inahudumia mafundi wawili. Ubao unakuonyesha pa kusaidia au pa kuwekeza. Kama kila wiki safu hiyo hiyo ndiyo inajaa, mashine ya pili ya vitundu ina faida kuliko cherehani ya tatu.

Kuongeza kikomo kila kikisumbua. Kikomo kinafaa kusumbua kidogo. Kibadilishe kwa makubaliano, mwisho wa wiki, mkiwa na sababu. Msikibadilishe saa tano asubuhi kwa hasira.

Kuamini grupu la WhatsApp linatosha. Grupu ni zuri kwa kuongea. Lakini ujumbe wa asubuhi saa nane mchana umeshafunikwa na picha na salamu. Kadi ikiwa ukutani haifunikwi.

## Maswali ambayo wateja hutuuliza

Je, naweza kutumia simu badala ya ukuta? Ndio, hasa kama timu yenu iko sehemu tofauti. Programu kama Trello zina safu na kadi za aina hii. Lakini kama mko chumba kimoja, anzeni na ukuta. Kila mtu anauona bila bando.

Mimi niko peke yangu. Inanifaa? Inakufaa. Tumia safu tatu: Nitafanya, Nafanya, Nimemaliza. Kwenye "Nafanya" weka kikomo cha mbili.

Tuna chama kinachoandaa harusi. Je? Pia. Kadi zitakuwa "Lipa kianzio cha ukumbi", "Thibitisha idadi ya viti", "Chukua keki". Kamati inaona ni nani ameshika nini, na mweka hazina anajua ni malipo gani yanafuata kabla hajaombwa pesa usiku.

Itachukua muda gani kuona tofauti? Wiki ya kwanza kwa kawaida inaonekana mbaya zaidi, kwa sababu mnaona kwa mara ya kwanza kazi yote iliyokuwa imejificha. Msiibomoe. Endeleeni wiki tatu au nne ndipo mpime.

## Kazi yako ya wiki hii

Usisubiri msimu wa sare, Krismasi au harusi. Anza wakati kazi iko kawaida.

- Jumatatu: Chora safu. Andika kadi za oda zote zilizo dukani, hata zile zilizosahaulika chini ya meza.
- Jumanne: Andikeni pamoja masharti ya kila safu.
- Jumatano: Wekeni kikomo. Kama mna zaidi ya kikomo, msianze mpya mpaka zishuke.
- Alhamisi na Ijumaa: Simameni dakika kumi kila asubuhi. Andikeni idadi ya oda zinazomalizika kila siku.
- Jumamosi: Tafuteni wastani wa siku hizo. Gawanyeni oda zilizobaki kwa wastani huo, kisha mlinganishe na tarehe mlizowaahidi wateja.

Pale tarehe zisipofikika, usingoje mteja aje mlangoni. Mpigie leo, mwambie siku ya kweli, na umpe nafasi ya kuchagua kungoja au kurudishiwa pesa yake. Katika somo lijalo tutaonyesha jinsi ya kurudisha malipo kwa njia inayoacha rekodi kwako na kwa mteja.